Begi likipotea Msamvu, nani hulipa?

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

BASI linalotoka Dar es Salaam kwenda Mbeya halikai muda mrefu katika Kituo cha Mabasi cha Msamvu mjini Morogoro. Abiria wachache hushuka, utingo hufungua mlango wa buti, huvuta mabegi mawili matatu kutoka katikati ya rundo, na baada ya muda mfupi basi hushika tena njia ya Mikumi.

Ni katika dakika hizo chache ambapo begi la abiria huweza kupotea, na huweza kupotea kwa namna mbili zilizo kinyume. Ama mtu mwingine anaondoka nalo kwa kuwa linafanana na lake, ama linabaki ndani ya buti na kuendelea na safari ya zaidi ya kilomita 600 huku mwenyewe akiwa amesimama kituoni na tiketi mkononi.

Morogoro ina tatizo ambalo miji iliyo mwisho wa safari haina. Basi linapofika kituo chake cha mwisho, kila mzigo hushushwa, na begi moja likibaki bila mtu, au mtu mmoja akibaki bila begi, kosa huonekana papo hapo. Msamvu ni njia panda: hapo hutengana mabasi ya Iringa, Mbeya na Songea na yale ya Dodoma, Singida na mikoa ya Kanda ya Ziwa. Aliyeshushiwa begi la mwenzake mjini Morogoro hatagunduliwa mpaka mwenye begi afike aendako, pengine usiku wa manane.

Hali hiyo imepata sura mpya tangu mwaka 2023, Serikali iliporuhusu mabasi ya abiria kusafiri saa 24. Basi linaloingia Msamvu saa nane usiku hushusha mizigo yake wakati ambapo ofisi nyingi za kampuni zimefungwa, abiria ana usingizi, na anayepokea mabegi kwa tochi ya simu hana muda wa kusoma majina.

Kwa miaka mingi abiria wa Afrika Mashariki wameelezwa wajibu wao kwa maneno manne yaliyobandikwa ndani ya magari: “Abiria chunga mzigo wako.” Baadhi ya tiketi huongeza kuwa kampuni haitahusika na upotevu wa mali. Wasafiri wengi husoma maneno hayo kama hukumu, na begi likipotea huona aibu hata ya kuuliza.

Sheria, hata hivyo, haisemi hivyo moja kwa moja. Jambo la kwanza inalotazama ni mzigo ulikuwa mikononi mwa nani.

Mkoba uliokuwa mapajani mwa abiria, au begi aliloliweka mwenyewe juu ya kiti chake, lilikuwa chini ya ulinzi wake. Likiibwa wakati amelala, itamwia vigumu kuitaka kampuni ilipe, isipokuwa aonyeshe kuwa mfanyakazi wake alihusika au alizembea. Begi lililochukuliwa na utingo, likaingizwa kwenye buti na mlango ukafungwa kwa ufunguo ambao abiria hana, liko katika hali nyingine kabisa. Hilo limekabidhiwa.

Sheria ya Mikataba, Sura ya 345 ya Sheria za Tanzania, ina sehemu inayohusu mali iliyokabidhiwa kwa mtu mwingine. Msingi wake ni kwamba aliyeipokea anapaswa kuitunza kwa uangalifu ambao mtu wa kawaida mwenye busara angeitunza mali yake mwenyewe katika mazingira kama hayo. Mtu mwenye busara hatoi begi lake kwa yeyote anayelinyooshea kidole.

Na maandishi ya nyuma ya tiketi? Swali hilo lilifika mahakamani zamani sana, na cha ajabu ni kwamba lilihusu begi. Mwaka 1877, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilisikiliza shauri la abiria aliyeitwa Parker, ambaye aliacha begi katika chumba cha kuhifadhia mizigo kwenye stesheni ya Charing Cross, London. Alilipa senti chache akapewa karatasi. Nyuma yake iliandikwa kuwa kampuni ya reli haitawajibika kwa mzigo wenye thamani inayozidi pauni 10. Begi likapotea, nalo lilikuwa na thamani ya zaidi ya pauni 24.

Mahakama haikusema kuwa maandishi hayo ni batili, wala haikusema kuwa yanamfunga kila mtu anayepewa karatasi. Iliagiza shauri lisikilizwe upya ili ijulikane kama kampuni ilikuwa imefanya jitihada za kutosha kumjulisha abiria kuwa karatasi ile ina masharti. Maamuzi ya Uingereza hayazifungi mahakama za Tanzania, lakini msingi huo ungali ukifundishwa katika vyuo vya sheria, kikiwemo Chuo Kikuu cha Mzumbe kilicho mkoani humu humu. Kwa lugha ya Msamvu: sharti lililoandikwa kwa herufi za kusomwa kwa miwani, kwenye tiketi iliyotolewa baada ya nauli kulipwa na begi kuingia kwenye buti, linaweza kubishaniwa.

Kubishana huko lakini kunahitaji ushahidi, na hapa ndipo abiria wengi hukwama. Tiketi ya mtandao huonyesha jina la msafiri, tarehe na namba ya kiti. Haionyeshi kuwa alikuwa na begi. Kinachoonyesha hilo ni kikaratasi chenye namba ambacho kipande chake hubandikwa kwenye mzigo na kipande kingine hupewa mwenyewe, au stakabadhi ya malipo pale mzigo unapozidi kiwango kisicholipiwa. Abiria anayekubali kulipa “hela ya mzigo” mkononi mwa utingo bila stakabadhi huokoa fedha kidogo, na wakati huo huo hupoteza karatasi pekee ambayo ingethibitisha kuwa kampuni ilipokea mzigo wake.

Meli kubwa za kitalii, ambazo baadhi yake hutia nanga Zanzibar na Dar es Salaam, zimelikabili tatizo hili hili kwa kiwango kikubwa zaidi, kwa kuwa maelfu ya watu hushuka asubuhi moja. Usiku wa mwisho wa safari, abiria huweka mabegi nje ya milango ya vyumba vyao yakiwa na vitambulisho vya rangi. Wafanyakazi huyateremsha, na kila msafiri huenda kulitafuta lake katika kundi la rangi yake kwenye ukumbi wa bandarini. Makosa hutokea huko pia.

Kwa safari za bahari za kimataifa upo Mkataba wa Athens wa mwaka 1974, uliofanyiwa marekebisho makubwa kwa itifaki ya mwaka 2002 ambayo ilianza kutumika mwaka 2014. Katika nchi zilizoridhia, uharibifu unaoonekana kwa macho katika mzigo uliokabidhiwa kwa meli unapaswa kutolewa taarifa kwa maandishi wakati wa kuupokea. Kwa uharibifu usioonekana kwa nje, au mzigo uliopotea, abiria ana siku 15. Fedha taslimu na vito havilipiwi ila kama vilikabidhiwa rasmi ili vitunzwe.

Ndege nazo zina utaratibu wake. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, abiria wa safari ya kimataifa aliyeharibiwa begi hulalamika kwa maandishi ndani ya siku saba, na aliyecheleweshewa ndani ya siku 21 tangu alipokabidhiwa begi hilo. Tangu Desemba 28, 2024, ukomo wa fidia kwa kila abiria ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa, sawa na takriban dola 2,000 za Marekani.

Msafiri wa basi hana jedwali kama hilo la kujulikana na wote, na pengine ndiyo maana huona kuwa hana haki yoyote. Anazo. Ila atalazimika kuthibitisha mwenyewe thamani ya kilichopotea, na kujua mlango upi wa kubisha.

Mlango wa kwanza ni kampuni yenyewe. Malalamiko yaandikwe, hata kama ni kwa ujumbe wa simu, yakitaja namba ya basi, saa, namba ya kikaratasi cha mzigo na vilivyokuwamo. Simu ikipigwa mapema, wakati basi bado liko Mikumi au Gairo, kondakta anaweza kulitazama buti katika kituo kinachofuata na begi likarudishwa kwa basi la jioni. Baada ya siku mbili nafasi hiyo haipo tena.

Kampuni isipojibu, au ikijibu kwa kejeli, hatua inayofuata ni Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua majukumu ya usafiri wa nchi kavu yaliyokuwa ya SUMATRA. LATRA ina ofisi mikoani na ndiyo inayotoa leseni za mabasi, jambo linalofanya barua yake isomwe haraka kuliko ya abiria. Lipo pia baraza la kuwatetea watumiaji wa usafiri ardhini, LATRA CCC, ambalo huweza kumsaidia mlalamikaji. Asiyeridhika na uamuzi wa mamlaka anaweza kukata rufaa katika Baraza la Ushindani.

Polisi ni suala jingine, na hapa kuna mtego. Wengi wakipoteza begi hukimbilia kujaza taarifa ya upotevu, ambayo siku hizi hupatikana pia kwenye mtandao wa Jeshi la Polisi. Karatasi hiyo ni muhimu kwa aliyepoteza kitambulisho cha taifa au vyeti, kwani ofisi zitakazotoa nakala mpya huiomba. Lakini ikiandikwa tu kuwa “nimepoteza begi”, kampuni inaweza kuisoma kuwa abiria amekiri kulipoteza mwenyewe. Kama lilikuwa ndani ya buti, maelezo yaseme hivyo, na kama kuna dalili za wizi, aombe kufunguliwa jalada na apewe namba ya RB.

Hayo yote yanamhusu abiria aliyesafiri na mzigo wake. Mzigo uliotumwa peke yake, mathalani bahasha ya vyeti au boksi la vitabu ambalo mzazi aliye Dar es Salaam anampelekea mwanawe anayesoma Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kisheria si mzigo wa abiria. Ni kifurushi. Huduma ya vifurushi iko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), ambayo imekuwa ikizitaka kampuni za mabasi zinazoifanya ziwe na leseni. Anayempa dereva bahasha dirishani na kumwachia elfu tano ya soda hana mkataba wa kifurushi wala tiketi ya abiria. Ana namba ya simu ya dereva tu.

Treni ya kisasa ya SGR, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 14, 2024, imepunguza sehemu ya tatizo, kwa kuwa kwa kawaida msafiri hukaa behewa moja na begi lake. Lakini kwa kanuni ile ile ya nani aliushika mzigo, ulinzi nao umerudi kwake. Isitoshe, kwa treni za Dodoma, Morogoro ni kituo cha njiani kama ilivyo Msamvu kwa mabasi. Aliyesahau begi juu ya kiti atalifuata mbali.

Safari ya wakazi wengi wa mkoa huu haiishii mjini. Kutoka hapo wapo wanaopanda kwenda Mgeta na Nyandira kupitia Sangasanga, au kuzunguka upande wa mashariki wa Milima ya Uluguru kwenda Mkuyuni, Kinole na Matombo, kwa magari madogo ambayo mizigo hufungwa kwa kamba kwenye keria. Huko tiketi ni nadra, na kikaratasi cha mzigo hakipo. Mzigo ukianguka kwenye kona, msuluhishi wa kwanza huwa ni kijiwe cha madereva, ambako kila gari na mwenye gari hujulikana kwa jina, na mara nyingi mambo huishia hapo.

Ugumu huwa kwa mazao yanayoteremka kutoka milimani kwenda masoko ya Dar es Salaam. Kabichi, karoti na njegere zikifika zimeoza, msafirishaji atasema kuoza ni tabia ya mboga, na kwa sehemu atakuwa na haki: anayebeba kitu cha kuharibika halipii kuharibika kwake kwa kawaida, bali kule kulikosababishwa na uzembe wake, kama vile gari kulala njiani bila sababu au tenga kuwekewa magunia ya viazi juu yake. Kutofautisha mambo hayo mawili kunahitaji saa ya kupakia, saa ya kufika na picha ya tenga likiwa bado juu ya gari, kabla halijashushwa na kufunguliwa. Kesho yake kabichi zenyewe zitakuwa zimeshatupwa.