Batri ya sola: tuhesabu kwanza, kiisha tununue

Umeme ukikatika jioni wakati wa mavuno ya kakao upande wa Beni, ao ya kahawa upande wa Butembo, siyo giza peke yake linaloumiza. Mizani ya umeme inazimika, karani anaandika kilo kwa kukisia chini ya mwanga wa telefone, na kesho yake mkulima anasema ameibiwa. Kahawa nayo haingoji. Iliyochumwa leo inapaswa kumenywa leo. Ikilala na maganda yake inaanza kuchacha, na mnunuzi atasikia ladha hiyo kwenye kikombe. Ndiyo maana koperative nyingi zinatuuliza juu ya batri ya sola ya kusaidia wakati wa delestaji.

Tunajua sote kwamba waya za Inga hazifiki kwetu. Umeme tulio nao unatoka kwenye mitambo midogo ya maji ya hapa hapa, kama ule wa Mutwanga chini ya mlima Rwenzori ulioanza kazi mwaka 2013, na pengine kwenye jenerateri za mafuta. Mti ukianguka juu ya waya, mtaa mzima unangoja. Kwa hiyo batri siyo anasa. Shida ni kwamba batri nyingi tunazozikuta zimekufa ziliuawa na wenyewe, na sisi pia tumeua moja.

Ofisini kwetu tulinunua batri ya gari, juu ya bei yake ndogo. Wiki za kwanza iliendesha ampule na kompyuta vizuri, tukajisifu. Kabla ya miezi sita ilikuwa haimalizi hata saa moja. Batri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache ili injini iwake, kiisha injini inaijaza tena. Kuitumia polepole usiku kucha mpaka ikauke ni kuiua. Kwa sola kuko batri zake: ya risasi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, na ya litiamu. Ile ya risasi usiishushe kupita nusu. Litiamu inakubali kutumiwa hata asilimia 80 na inadumu miaka mingi zaidi, lakini bei ni kubwa, na inaomba regulatere inayopatana nayo.

Sasa hesabu, na hapa tusiende haraka. Kila chombo kimeandikwa wati zake nyuma ao chini. Zidisha wati kwa saa utakazokitumia. Tuchukue ofisi ndogo ya koperative: ampule 4 za wati 7 kwa saa 5, ni 140. Kompyuta ya wati 40 kwa saa 3, ni 120. Telefone 6, kila moja karibu 15, ni 90. Mizani na redio pamoja, wati 10 kwa saa 4, ni 40. Jumla ni 390. Konvertiseri, kile kisanduku kinachogeuza volti 12 za batri kuwa volti 220, nacho kinakula sehemu yake, basi tuseme 450 kwa usiku mmoja.

Batri ya volti 12 iliyoandikwa 100 Ah ina 12 mara 100, yaani 1200. Ya risasi tunatumia nusu tu, 600. Inatosha usiku mmoja na inabaki kidogo, lakini kukiwa na mawingu kesho yake, usiku wa pili haufiki. Na yule anayekuja na pasi ya wati 1000 "dakika kidogo tu"? Nusu saa, na sehemu yenu yote ya usiku imekwisha. Pasi, reshoo na jiko la umeme visiguse batri hii kabisa.

Pano nayo inapaswa kurudisha zile 450 kila siku. Ukihesabu saa 4 za jua zuri na kinachopotea kwa vumbi na joto, utafika karibu wati 160. Kwa kuwa mvua zetu ni nyingi, sisi tunashauri wati 200, pamoja na regulatere ya ampea 20. Butembo iko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo pano hailazwi sana upande wowote. Iinamishe kidogo tu ili mvua ioshe vumbi. Angalia zaidi kivuli. Tawi moja la mkaratusi ao jani la mgomba likifunika kona ya pano linaweza kupunguza umeme mwingi kuliko unavyofikiri.

Batri isikae chumba cha kulala ao karibu na moto, juu ya ile ya maji inatoa hewa inayoweza kulipuka wakati inajazwa. Iwekwe fasi yenye hewa, na fuzi karibu na batri yenyewe. Ikipungua maji, ongeza maji ya batri yasiyo na asidi, yale ya chupa. Siyo ya mto, siyo ya bomba.

Kuko jambo moja tunalolikataza bila mjadala. Watu wengine wanachomeka konvertiseri kwenye priza ya ukuta ili nyumba nzima iwake. Umeme huo unaweza kutoka nje na kupanda kwenye waya za barabarani, na fundi aliyepanda nguzo akijua kwamba hakuna umeme, anakufa. Umeme wa mtaa nao ukirudi, konvertiseri inaungua. Fundi aweke swichi ya kubadilisha, upande mmoja ao mwingine, isiweze kuwa pande zote mbili.

Kwenye koperative, chagueni mtu mmoja wa kushika ufunguo na daftari. Kila asubuhi kabla ya jua kupiga pano, apime volti na kuziandika, wakati hakuna kitu kinachotumia batri. Batri ya risasi iliyojaa inaonyesha karibu 12,7. Iliyofika nusu, karibu 12,2. Asubuhi akikuta 12,2 ao chini, na mawingu yakikaa siku nzima, jioni hiyo inabaki mizani na ampule mbili, na telefone za watu zinangoja kesho.