Chwaka Katika Ramani: Kuitafuta Kaida ya Uhamisho

Mtu aliyesimama Chwaka, pwani ya mashariki ya Unguja, akataka kuieleza nukta ya kijiji hicho kwa hesabu wala si kwa maneno, atapima kwanza umbali wake kutoka mstari wa longitudo 39, upitao baharini baina ya Bagamoyo na kisiwa, apate kiasi cha kilomita 48 upande wa mashariki. Kisha atapima kutoka Istiwai, apate kiasi cha kilomita 681, na kwa kuwa kusini huandikwa kwa alama ya kutoa, majira ya Chwaka yatakuwa (48, −681). Mji Mkongwe, ulio maghribi yake, utakuwa (21, −681).

Lakini akikunjua ramani ataona Chwaka imeandikwa (548, 9319). Kaida iliyotumika hupatikana kwa kutoa majira ya awali katika majira mapya, kila mhimili peke yake: 548 kutoa 48 ni 500, 9319 kutoa −681 ni 10,000, maana kutoa hasi ni kuongeza, na hapo ndipo wanafunzi wengi hujikwaa. Basi (x, y) huwa (x + 500, y + 10,000). Ila nukta moja haitoshi kuwa ushahidi, kwani hata mzunguko waweza kuifikisha Chwaka hapo. Sharti Mji Mkongwe nao ujaribiwe, nao watoa (521, 9319), na zile kilomita 27 baina yao zimesalia vilevile, kama ipasavyo katika uhamisho, ambao haugeuzi umbo wala kulikuza.

Jeshi la Marekani, lililoutengeneza mfumo huu wa majira ya ramani katika miaka ya 1940 na kuigawa dunia mapande 60, sisi tukiwa katika la 37, halikuongeza namba hizo kwa kupenda makubwa. Lilitaka ramani isiwe na hasi, kwa kuwa alama ya kutoa ikisahauliwa humtupa mpimaji ng'ambo ya Istiwai.

Uko uhamisho mwingine, usio wa hiari. Ramani za zamani za Tanzania, zilizojengwa juu ya msingi uitwao Arc 1960, hazipatani na simu za leo, zifuatazo msingi mwingine, WGS 84: hapa Unguja majira ya kale huongezwa mita zipatazo 95 kwa mashariki na kupunguzwa zipatazo 300 kwa kaskazini, ilhali mnazi wenyewe haukusogea hata shubiri. Ayatiaye simuni bila ya kuyarekebisha huelekezwa mita 300 kaskazini ya mpaka wake, pengine katikati ya shamba la jirani. Na kaida hii si moja kwa nchi nzima, maana hitilafu hubadilika kidogo kidogo kadiri mtu aendavyo mbali, ndipo wapimaji wakahitaji nukta nyingi kuliko hizi zetu mbili.