Kupiga Picha kwa Simu: Tutazame Nuru Kwanza

Siku ya Idd mitaa ya Kariakoo haina haja ya mpiga picha wa kulipwa. Kila kijana atokaye msikitini ana simu mkononi, na kabla pilau haijapakuliwa picha hamsini zimekwisha pigwa: za watoto wenye kanzu mpya, za mama zetu, za wazee barazani. Nasi tulidhani wingi huo watosha, mpaka tulipofiwa na bibi yetu.

Bibi hakupenda kupigwa picha. Idd moja akakubali, akaketi mlangoni pake, mlango uelekeao mtaani. Sisi tulikuwa ndani ukumbini, tukamwomba ageuke, tukapiga mara tatu kwa haraka, tukarudi kwenye sinia. Alipofariki tukazitafuta picha zile. Mtaa waonekana wazi kabisa, hata birika la muuza kahawa aliyekuwa akipita; bali Bibi ni kivuli chenye umbo la mtu, uso hauna macho. Tulizipeleka kwa fundi wa picha, naye akajaribu kuzitia mwanga, yakatoka madoadoa tu.

Kosa lilikuwa letu, wala si la simu. Ndani ya simu mna kidude kipokeacho nuru, na katika simu nyingi hakizidi ukucha wa kidole cha mwisho, ilhali filamu ya kamera nyingi za zamani ilikuwa na upana wa milimita 36 na kimo cha milimita 24. Kidude kidogo hupokea nuru haba, kama kopo dogo lililotegwa mvuani. Tena simu hupima mwanga wa yote yaliyo mbele yake. Ikiona weupe mwingi nyuma ya mtu, huupunguza mwanga wote, na mtu akazama gizani. Simu za siku hizi hujaribu kuutambua uso na kuuokoa, lakini mbele ya mlango ulio wazi mchana aghalabu hushindwa.

Ibn al-Haytham, mwanachuoni aliyezaliwa Basra yapata mwaka 965, alieleza katika Kitab al-Manazir kwamba jicho halitoi miale ya kuonea, bali nuru hutoka kwenye vitu ikaingia jichoni. Kamera nayo ni vivyo hivyo. Basi mwenye kutaka picha na aulize kwanza: nuru yatoka wapi, na yaangukia nini?

Lau tungalijiuliza hivyo siku ile, tungalitoka sisi tukasimama barazani, na Bibi akabaki ndani, hatua moja kutoka kizingitini, akitutazama. Nuru ya mtaani ingaliufikia uso wake kwa upole, na giza la ukumbi lingalikaa nyuma yake kama pazia. Ni kugeuza kiti tu. Kwa wakaao ghorofani, dirisha hufanya kazi ya mlango.

Nje ya nyumba mambo ni mengine. Dar es Salaam i karibu digrii 7 kusini ya ikweta, hivyo adhuhuri jua hukaa utosini, na paji la uso hutupa kivuli machoni. Afadhali kupiga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi alasiri. Majengo marefu yaliyosongamana Kariakoo twayalalamikia kwa mengi, lakini kivuli chao ni neema kwa mpiga picha. Katika Mtaa wa Kongo yafaa kujihadhari na maturubai na miavuli ya wachuuzi: aliye chini ya turubai la buluu hutoka kama mgonjwa.

Liko pia tatizo la mavazi yetu. Simu hutaka kila kitu kiwe na mwanga wa wastani. Kanzu nyeupe ikikijaza kioo, kanzu huwa ya kijivu na uso hufifia. Buibui jeusi likikijaza, simu huzidisha mwanga na uso hupauka. Dawa yake ni kuugusa uso wa mtu juu ya kioo, kisha, katika simu nyingi, kusogeza kidole juu au chini mpaka rangi iwe ile tuijuayo. Filamu za rangi za karne iliyopita zilisawazishwa kwa kadi zenye picha za wanawake weupe, na ngozi zetu zilidhulumika. Leo marekebisho yako mikononi mwetu, nasi twajidhulumu wenyewe kwa ile programu ya kulainisha nyuso na kuzifanya nyeupe. Na izimwe. Mikunjo ya Bibi ndiyo tuliyoitaka.

Mengine ni mepesi. Lenzi ifutwe kwa kitambaa laini, maana mkono uliotoka kwenye maandazi huiachia ukungu. Badala ya kuivuta picha karibu kwa vidole, na tusogee kwa miguu, kwani kuvuta huko mara nyingi ni kukata na kutanua tu. Viwiko vibanwe mbavuni ili simu isitikisike. Na sokoni tuombe ruhusa kwanza, kwani muuza tangawizi si pambo la picha yetu.

Simu huibwa, hutumbukia majini, hufa. Kwa hiyo nyumbani kwetu kila Idd huchaguliwa picha tano zikachapishwa karatasini, na nyuma yake huandikwa kwa penseli jina, mtaa na mwaka. Wapendao huzitundika, wasiopenda huziweka sandukuni pamoja na hati za nyumba. Ya kwanza ni ya shangazi yetu, ameketi ndani ya kizingiti kile kile, ametazama mtaani.