Faili ipo, programu haiioni

Rhamu ni mji wa kaunti ya Mandera, kando ya mto Daua. Ng'ambo ni Ethiopia. Kutoka huku kwetu Mombasa huwezi kupanda gari uende huko kwa ajili ya faili moja. Kijana wa duka la dawa aliponipigia, ilibidi tutafute chanzo kwa simu.

Programu yake, aliyoletewa na fundi kwenye flashi, ina faili ya vipimo vya dawa za watoto kwa uzito. Akiibofya ndani ya folda yake, inafanya kazi. Kompyuta ikiiwasha yenyewe asubuhi, inalalamika kuwa faili haipo.

"Mwalimu, naiona kwa macho yangu!"

Alisema kweli. Ndugu msomaji, mahali programu inapokaa ni kimoja, na mahali iliposimama wakati inaitwa ni kingine. Fundi aliandika "fungua vipimo.csv" bila kusema wapi. Jina tupu kama hilo hutafutwa pale programu iliposimama. Windows ikiiwasha kwa ratiba, mara nyingi huisimamisha C:\Windows\System32, na humo vipimo havimo. Ni kama kumwambia mtu aliye kwa jirani, "chukua chumvi jikoni." Ataingia jiko la jirani.

Afadhali akose. Akikuta faili ya zamani yenye jina hilohilo, programu haitalalamika kamwe, na mtoto atapimiwa dawa kwa vipimo vilivyokwisha badilishwa.

Wengine huandika njia nzima, kuanzia C:\Users na jina la fundi. Sipendi. Hiyo ni anwani ya kompyuta ya fundi. Rhamu mtu huyo hayumo.

Dawa ni programu ijiulize yenyewe inakaa wapi. Katika Python, Path(__file__).resolve().parent hutoa folda yake. Path imo tangu toleo la 3.4, mwaka 2014. Java ina getResource, inayosoma hata ndani ya JAR. Ukiifunga Python kwa PyInstaller iwe faili moja, vitu vyake hufunguliwa kwenye folda ya muda, nayo hufutwa programu ikifungwa. Kwa hiyo mauzo ya kila siku usiyaweke humo. Yana folda ya mtumiaji.

Fundi alirekebisha mstari mmoja. Nilimwomba aongeze jambo: programu ioneshe kwenye skrini vipimo vimesomwa kutoka folda gani na faili ni ya tarehe gani. Kijana huusoma mstari huo kila asubuhi kabla ya kufungua dirisha la duka.