Darasa la uraia lililoandika sheria ya Marekani

Januari 8 mwaka 2019 Rais Donald Trump, akiwa katika muhula wake wa kwanza, alitia saini sheria inayoitaka serikali ya Marekani kukusanya na kuweka wazi nyaraka za mauaji ya zamani ya kibaguzi ambayo hayakupatiwa ufumbuzi. Wengi wa waliouawa walikuwa Wamarekani weusi wa majimbo ya kusini. Hakukuwa na shangwe kubwa siku hiyo. Ofisi nyingi za serikali zilikuwa zimefungwa kutokana na mvutano wa bajeti kati ya Ikulu na Bunge, na vyombo vya habari vilikuwa vimejaa habari za ukuta wa mpakani.

Hata hivyo, sheria hiyo ina historia isiyo ya kawaida. Wazo lake na rasimu yake ya mwanzo havikutoka kwa wanasheria wa Bunge, wala kwa shirika kubwa la haki za binadamu. Vilitoka kwa wanafunzi wa sekondari ya Hightstown, shule ya serikali katika mji mdogo wa jimbo la New Jersey, wakiwa katika somo lao la uraia na mfumo wa serikali.

Wasomaji wetu wengi walioko Marekani wana watoto wanaokaa katika madarasa kama hayo. Mtoto anarudi nyumbani, anasema ana mradi wa uraia, na mzazi anaitikia kwa kichwa huku akiendelea na yake, kwa kuwa hesabu na sayansi ndizo zinazompeleka mtu chuo kikuu. Sisi tuliosoma Tanzania enzi za chama kimoja tulikuwa na somo la siasa, ambalo kufaulu kwake kulikuwa ni kukumbuka yaliyosemwa. Si ajabu basi kwamba tunalitazama somo la uraia kama somo la kukariri. Yaliyotokea Hightstown yanaonyesha sura nyingine kabisa.

Faili lenye wino mweusi

Mwalimu wa darasa hilo, Stuart Wexler, ni mwandishi pia wa vitabu kuhusu mauaji ya Martin Luther King na ugaidi wa makundi ya kibaguzi ya Marekani. Mwaka 2015 yeye na wanafunzi wake walianza kuzichunguza kesi zilizolala za enzi za kupigania haki za kiraia.

Kesi inayojulikana zaidi katika historia hiyo ni ya Emmett Till, mvulana wa miaka 14 kutoka Chicago, aliyeuawa Mississippi Agosti 1955. Wazungu wawili walishitakiwa, wakaachiwa huru na baraza la wazungu watupu, kisha mwaka uliofuata wakakiri katika jarida moja kwamba waliua. Hawakuweza kushitakiwa tena. Lakini Till angalau anajulikana jina. Wako wengine wengi ambao hata wajukuu zao hawajui ni nani aliyekuja usiku kumchukua babu, na polisi wa wilaya waliandika nini siku ya pili yake, kama waliandika chochote.

Wanafunzi walipotaka kujua, walifuata njia ambayo sheria inaitoa. Tangu mwaka 1966 Marekani ina Sheria ya Uhuru wa Kupata Habari, inayomruhusu mtu kuiandikia idara ya serikali na kuomba nyaraka. Wakayaomba mafaili ya Shirika la Upelelezi, FBI. Majibu yalichelewa mno, na yaliyofika yalikuwa na kurasa zilizofutwa kwa wino mweusi, mstari baada ya mstari. Yeyote aliyewahi kufuatilia faili la kiwanja katika ofisi ya ardhi huko nyumbani, akaambiwa njoo kesho mpaka viatu vikaisha soli, atawaelewa vijana hao.

Hapo ndipo somo lilipobadilika. Badala ya kulalamika kwamba sheria haifanyi kazi, darasa lilianza kuuliza kwa nini haifanyi kazi. Sheria ya 1966 inamtaka mwombaji kujua anachokitafuta na kuomba faili kwa faili. Idara inayoshikilia nyaraka ndiyo yenyewe inayoamua kwanza kipi kifutwe, kwa hoja za faragha, za siri za upelelezi au za kulinda watoa habari, hata kama tukio ni la miaka 60 iliyopita.

Iko sheria nyingine, ya mwaka 2008, iliyopewa jina la Emmett Till na kutiwa saini na Rais George W. Bush. Hiyo iliiagiza Wizara ya Sheria kuzifufua kesi za mauaji ya enzi zile. Lakini lengo lake kubwa lilikuwa upelelezi na mashitaka, na washitakiwa wamezeeka au wamekufa, mashahidi vilevile. Mara nyingi faili lilifunguliwa, likaonekana hakuna wa kupelekwa mahakamani, likafungwa. Familia ikabaki ilipokuwa.

Wanafunzi wakaona kwamba ikiwa haki ya mahakamani imeshapita, bado upo ukweli, na ukweli huo umo katika makaratasi. Wakatafuta mfano wa kuigwa na wakaupata: sheria ya mwaka 1992 kuhusu nyaraka za mauaji ya Rais John F. Kennedy. Sheria hiyo iliupindua utaratibu wa kawaida. Idara zenyewe ndizo zinazotakiwa kutafuta nyaraka na kuzipeleka Idara ya Nyaraka za Taifa, kila waraka unahesabiwa kuwa wa wazi mpaka ithibitishwe vinginevyo, na idara inayotaka kuficha kitu lazima ijieleze mbele ya bodi huru. Rasimu ya Hightstown ilijengwa juu ya msingi huo, ikihusu kesi za kuanzia mwaka 1940 hadi 1979.

Kubisha hodi Washington

Kuandika rasimu ni jambo moja. Katika kila kipindi cha miaka miwili cha Bunge la Marekani huwasilishwa miswada na maazimio zaidi ya 10,000, na yanayofikia kuwa sheria ni mia chache tu. Nayo kanuni ni kwamba mbunge ndiye anayewasilisha muswada. Mwananchi hawezi, seuze mtoto wa shule.

Kwa hiyo wanafunzi walisafiri hadi Washington na kupita ofisi baada ya ofisi wakitafuta wa kuwabebea mzigo wao. Walitumia pia mtandao wa Twitter, kama ulivyojulikana wakati huo, kuwafuata wabunge na waandishi wa habari. Mwaka 2017 Bobby Rush, mbunge wa Illinois ambaye enzi za ujana wake alikuwa katika chama cha Black Panther, aliuwasilisha muswada katika Baraza la Wawakilishi. Haukusogea haraka.

Katika Baraza la Seneti walimpata Doug Jones wa Alabama, aliyeapishwa Januari 2018. Pengine hakukuwa na seneta aliyefaa kuliko yeye. Akiwa mwendesha mashitaka wa serikali, ndiye aliyewatia hatiani mwaka 2001 na 2002 watu wawili wa zamani wa Ku Klux Klan kwa kulipua kanisa la Birmingham mwaka 1963, ambako wasichana wanne waliuawa. Alijua kwa uzoefu wake faili la miaka 40 lina thamani gani. Pamoja naye alijitokeza Ted Cruz wa Texas, Mrepublican ambaye kwa kawaida si rahisi kumkuta upande mmoja na Wademokrati. Mabaraza yote mawili yaliupitisha muswada Desemba 2018, siku chache kabla Bunge hilo kumaliza muda wake Januari 3. Ungechelewa kidogo tu, ungekufa, na kazi yote ingeanza upya.

Jambo moja katika habari hii husahaulika. Waliouanza mradi mwaka 2015 hawakuwa darasani sheria iliposainiwa, walikwishamaliza shule. Waliwaachia wenzao wa mwaka uliofuata, nao wakawaachia wengine. Katika mtihani wa kawaida kila mwanafunzi anajibu la kwake na kuondoka na maksi zake. Hapa mtu alifanya kazi ambayo matunda yake angeyavuna mwingine, na hata huyo hakuwa na uhakika.

Na baada ya saini bado kulikuwa na kungoja. Bodi ya kukagua nyaraka haikuwa na wajumbe hadi mwaka 2022, wakati wa utawala wa Rais Joe Biden, ambapo Seneti iliwathibitisha wa kwanza, akiwemo profesa wa sheria Margaret Burnham na mwandishi wa habari Hank Klibanoff. Zaidi ya miaka mitatu ilikuwa imepotea, na katika mwaka huo huo ilibidi Bunge lipitishe sheria nyingine ya kuiongezea bodi muda.

Waliokwenda mahakamani

Si kila shule ina mwalimu wa namna ile. Novemba 2018, wakati muswada wa Hightstown ukikaribia mwisho wa safari yake, wanafunzi wa jimbo la Rhode Island pamoja na wazazi wao walifungua kesi katika mahakama ya serikali kuu mjini Providence. Malalamiko yao: jimbo limeshindwa kuwafundisha uraia kiasi cha kuwawezesha kupiga kura, kukaa katika baraza la mahakama na kushiriki mambo ya umma. Waligusia pia hali ya wanafunzi ambao bado wanajifunza Kiingereza, jambo linalowahusu watoto wengi wa wahamiaji.

Kisheria walikuwa na mlima wa kupanda. Mwaka 1973 Mahakama Kuu ya Marekani, kwa kura tano dhidi ya nne, iliamua kwamba elimu si haki ya msingi chini ya katiba ya taifa. Jaji William Smith aliitupa kesi ya Rhode Island Oktoba 2020, ingawa katika hukumu yake hakuficha kwamba tatizo wanalolisema ni la kweli na ni la hatari kwa nchi. Mahakama ya rufaa ya Boston ikaunga mkono uamuzi huo Januari 2022.

Wakashindwa, lakini si kabisa. Mwaka 2021, kesi ikiwa bado katika rufaa, Rhode Island ilipitisha sheria inayotaka wanafunzi waonyeshe ujuzi wa uraia na kushiriki angalau mradi mmoja wanaouongoza wenyewe. Juni 2022 pande mbili zilikubaliana, na wizara ya elimu ya jimbo ikaahidi kuunda kikosi kazi cha kusimamia mafunzo hayo. Jirani yao Massachusetts ilikuwa imekwishaweka sharti la miradi kama hiyo tangu mwaka 2018.

Arizona ilichagua njia nyingine. Mwaka 2015 lilikuwa jimbo la kwanza kuamua kwamba hakuna atakayemaliza sekondari bila kufaulu maswali ya mtihani wa uraia wanaopewa wahamiaji. Mtihani huo wengi wetu tunaujua vizuri, maana tumeusoma usiku baada ya kazi: maswali 100, unaulizwa 10, unatakiwa upate sita. Kwa walioomba tangu Oktoba 20 mwaka 2025 umekuwa mgumu zaidi, maswali 128, unaulizwa hadi 20 na unatakiwa upate 12. Kujua idadi ya maseneta si vibaya. Lakini kumjua seneta wako kwa jina hakukufundishi namna ya kumfanya akusikilize.

Mtoto asiye raia

Hapa liko jambo ambalo wazazi wetu wengi hawalijui. Sheria ile ya 1966 ya kuomba nyaraka haimtaki mwombaji awe raia. Mtu yeyote anaweza kuandika. Kumwandikia mbunge, kuomba miadi ofisini kwake, kuzungumza katika mkutano wa bodi ya shule: hakuna hata moja linalohitaji pasi ya kusafiria ya Marekani. Karibu yote waliyoyafanya vijana wa Hightstown, mtoto aliyefika juzi kutoka Kigoma, Bukavu au Mombasa angeweza kuyafanya pamoja nao.

Isipokuwa moja, na hili mzazi alisikie vizuri. Katika mwaka wa mwisho wa sekondari shule nyingi huleta fomu za kujiandikisha kupiga kura darasani, na baadhi ya majimbo huruhusu kuanza kujiandikisha hata katika umri wa miaka 16. Fomu hupita kutoka dawati hadi dawati na wote wanajaza. Kijana mwenye kadi ya ukaaji wa kudumu, ile tunayoiita grini kadi, akijaza kwamba ni raia, anaweza kujiharibia maombi yake ya uraia, na chini ya sheria za uhamiaji za mwaka 1996 kujitangaza raia kwa uongo au kupiga kura kinyume cha sheria kunaweza kumfanya mtu afukuzwe nchini. Mwalimu hana nia mbaya. Mara nyingi hajui nani ni raia na nani si raia, wala haruhusiwi kuwatangaza.

Wako pia watoto ambao ni raia bila wenyewe kujua. Kwa sheria iliyoanza kutumika Februari 2001, mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye grini kadi, anayeishi chini ya malezi ya mzazi wake, anakuwa raia pale pale mzazi huyo anapokula kiapo. Kwa hiyo kabla fomu hizo hazijafika shuleni, baba au mama atazame tarehe ya kiapo chake na umri wa mwanawe siku ile. Kama mtoto alikuwa chini ya miaka 18, amuombee pasi ya kusafiria ili awe na ushahidi mkononi. Kama alikuwa ameshatimiza miaka 18, basi aambiwe mapema: fomu ikifika mezani kwake airudishe tupu, kisha aendelee na mradi kama wenzake.