Seva Zimezimwa? Usiuze PS3 Yako kwa Bei ya Chuma Chakavu!

Msee wa Ukunda, Diani, Msambweni mpaka Lunga Lunga, tulia kwanza. Watu wanasema PS3 na Xbox 360 zimekufa. Zii! Duka na seva ndizo zinazokufa, mashine yako bado inapiga mzigo.

Iko hivi. Tarehe 29 Julai 2024, Microsoft ilifunga duka la Xbox 360. Gemu mpya hununui tena pale, lakini zile ulizolipia unaweza kuzishusha. Sony nayo ilitangaza mwaka 2021 kwamba inafunga duka la PS3, mafani wakawaka, ikarudi nyuma. Sasa usingoje watangaze tena. Fanya hivi:

1. Shusha mapema. Gemu na apudeti zako zote, ziweke kwa mashine leo. Nafasi imejaa? PS3 nyingi hutumia hadi diski ya inchi 2.5, size ile ile ya laptop. Fanya bakapu kwanza, juu ukibadilisha inafomatiwa.

2. Tunza CD. Duka likifungwa, CD haiendi popote. FIFA 19 ndiyo ya mwisho kutoka kwa mashine hizi mbili. Hiyo CD ikikwaruzwa, utalia.

3. Pigana na chumvi. Sisi wa pwani upepo wa bahari unatulia vyuma kimya kimya. Usiweke mashine sakafuni wala karibu na dirisha. Toa vumbi kwa matundu, na ukimaliza kucheza iache ipoe ndo uifunike. Saa ya PS3 ikianza kupotea, betri ya ndani ni CR2032, ile ya duara. Fundi wa saa anayo.

4. Cheza na walio karibu. Pedi mbili, TV moja, bandolzi sufuri. Diani ikiwa low season na hoteli hazichukui watu, kijana mwenye banda la gemu bado anapata ya unga. Mechi ya wawili haihitaji seva ya mtu.

5. Muvi. PS3 inasoma DVD na Blu-ray. Kwa flashi, ifomati iwe FAT32, na kila faili isifike GB 4, la sivyo haiingii.

Kwa hivyo jamaa wa mkokoteni akipita akiitisha chuma, mpe ile sufuria iliyotoboka. PS3 ibaki ndani.