Ngome, Gereza au Boma?

Mwanafunzi anayefasiri habari za Eger huko Hungaria au Peleş huko Romania huandika "ngome" kila mahali, kisha huuliza kwa nini Uganda Mashariki hatukuwahi kuwa na kitu cha aina hiyo. Tunaona kwamba matatizo yote mawili yanatokana na msamiati.

Ngome ni mahali palipoimarishwa kwa ulinzi. Eger ni ngome hasa: mwaka 1552 István Dobó na watu wake walilizuia hapo jeshi la Waturuki. Peleş, jumba la Mfalme Carol wa Kwanza lililojengwa karne ya 19, halikukusudiwa vita. Hilo ni kasri. Pwani nako majina hupotosha. Husuni Kubwa ya Kilwa Kisiwani ina jina la ngome, kutoka Kiarabu, ilhali ilikuwa kasri ya sultani.

Neno "gereza" limesafiri zaidi. Asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Likaja kuitwa jengo la ulinzi la mawe, kama Gereza la Kilwa. Baadaye majengo hayo yakafungiwa watu. Fort Jesus ya Mombasa, iliyoanza kujengwa 1593, ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958. Leo maana ya jela imemeza nyingine zote, kwa hiyo asiandike mtu kwamba Dobó alilinda "gereza" la Eger!

Sasa tuje kwetu. Bukaleba, kando ya Ziwa Viktoria, mashariki ya Jinja, palikuwa na ngome kwenye makao ya Luba, chifu wa Busoga. Ilikuwa ya kuta za udongo na handaki. Mwaka 1897 askari wa Kisudani waliotumikia Waingereza waliasi, wamechoshwa na safari zisizokwisha na ujira mdogo uliocheleweshwa. Waliikalia ngome hiyo pamoja na wenzao waliokuwemo, wakamuua Meja Thruston na Wazungu wengine wawili. Jeshi la serikali, likiwa na Waswahili na Masingasinga, liliwazingira hadi walipotoroka Januari 1898. Katika mapigano hayo, Desemba 1897, aliuawa George Pilkington, mfasiri wa Biblia kwa Kiganda. Idara ya lugha haina udhuru wa kutolijua jina hilo.

Upande wa Mbale, Semei Kakungulu alijenga kituo Budaka mwaka 1901 kabla ya kuhamia Mbale. Hapo tunapendekeza "boma", kwani palikuwa ua wa ulinzi na pia makao ya utawala.

Mwanafunzi anayetafuta mawe hataona lolote Bukaleba wala Budaka. Aidha, ni katika vituo vya namna hii Kiswahili kilipozoeleka kama lugha ya askari na wapagazi, na lawama hiyo bado tunaletewa darasani. Afadhali mwalimu aijibu akijua ilianzia wapi.